Ekseli ya mbele ya Land Cruiser 40: soma uchafu kabla hujaufuta

Nimeshaifungua ekseli ya mbele ya Land Cruiser yangu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa lazima. Ya pili ilikuwa adhabu ya oili sili niliyoichana kwa mikono yangu mwenyewe. Ya tatu ni hii ya juzi, iliyoenda sawa ukiacha mkasa mmoja wa vibati ambao nitaufikia. Gari ni FJ40 ya 1979, yenye breki za diski mbele. Toyota waliunda familia ya 40 kuanzia 1960 hadi 1984, na ingawa vipuri vilibadilika njiani, mpangilio wa ekseli ya mbele ni uleule: bomba moja gumu la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu ndani yake, na kila ncha ya bomba ina tufe la chuma. Tufe hilo limevishwa bakuli linalogeuka unapokata usukani. Bakuli hilo mimi naliita kifundo, maana kazi yake ni ya kifundo cha mguu: kubeba uzito huku kikigeuka.

Ndani ya kifundo kuna majirani watatu wasiotakiwa kutembeleana. Oili ya difu inakaa ndani ya bomba, grisi nzito inakaa kwenye kifundo, na vumbi na tope vibaki nje. Oili sili iliyo mdomoni mwa bomba inaizuia oili isiingie kwenye grisi. Seti ya felti na mpira iliyo nyuma ya tufe inalizuia vumbi. Karibu kila ugonjwa wa ekseli hii unaanzia kwenye mmoja wa mipaka hiyo miwili.

Kabla hujashika spana, pima. Nyanyua upande mmoja kwa jeki, shika gurudumu kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na ujaribu tena. Pleyi ikipotea breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi za habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikibaki, ni beringi za kingpini, zile mbili ndogo zinazoshika kifundo juu na chini ya tufe. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Likicheza hapo peke yake, tazama kwanza ncha za tairodi, ile fimbo inayoyaunganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Shusha gari, kata usukani mpaka mwisho, weka fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, uende polepole ukisikiliza. Mlio wa tak-tak-tak unaokwenda na mwendo wa gurudumu ni Birfield, ile jointi ya gololi sita inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa. Jina limetokana na kampuni ya Uingereza, lakini muundo wa gololi sita ni wa Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani wa miaka ya 1920.

Halafu fungua plagi yenye kichwa cha mraba iliyo juu ya kifundo, uingize kipande cha waya. Kikitoka na grisi nyeusi na nzito, una bahati. Changu kilitoka na uji mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, unaonuka oili ya gia. Hapo hakuna haja ya kubishana: sili ya ndani imekwisha.

Lakini usiilaumu sili upesi. Juu ya bomba la ekseli kuna kipumulio, kitu kidogo kama kofia. Difu likipata joto hewa hutanuka, na kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine, ikisukuma oili mbele yake kupita kwenye sili, hata iwe mpya. Changu kilikuwa kimeganda kama jiwe. Mara ya kwanza nilibadilisha kila kitu isipokuwa hicho.

Vitu vya kuwa navyo ni hivi: sili za ndani mbili, seti za felti na mpira, beringi nne za kingpini, beringi za habu na sili zake, gaskiti, na washa za kufunga nati za habu. Zana isiyo na mbadala ni soketi ya milimita 54 ya nati za habu. Najua watu huzifungua kwa patasi na nyundo. Nati zangu zilikuja na makovu ya mtu wa namna hiyo, na nilipoteza saa nzima kuzisawazisha kwa tupa. Tafuta pia kipande cha fimbo ya shaba nyeupe cha kupigia, mizani ya ndoano ya kupimia kilo, sinia pana, na matambara mengi kuliko unavyodhani. Grisi ziwe mbili: yenye molibdeni, ile nyeusi, kwa ajili ya Birfield na kifundo, na ya lithiamu inayostahimili joto kwa ajili ya beringi za habu.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, simamisha gari juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Mwaga oili ya difu. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa, maana pedi na viatu vya zamani vingi vilikuwa na asbesto. Lifute likiwa limeloweshwa.

Fungua kalipa, kile kibano cha pedi za breki, na uining'inize kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hosi yake. Kama bomba gumu la breki halikupi nafasi, lifungue na ulizibe. Sasa habu ya kufungia fowili: toa kifuniko, toa pete ya kufungia iliyo kwenye ncha ya shafti, ile fimbo inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, fungua nati za pembeni. Ukivuta hapo habu haitatoka, na hapo ndipo wengi wanapoanza kuipenyezea bisibisi. Chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyopasuliwa, imejikaza kwenye tundu lake. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi, ile bolti iliyopandwa humo, ili usiharibu meno, weka fimbo ya shaba juu yake, piga pigo moja la uhakika. Koni itaruka. Tena pigo moja zito lina kazi kuliko vijipigo ishirini vya woga.

Nyoosha midomo ya washa ya kufungia, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, washa yenye ulimi, kisha vuta habu pamoja na diski yake huku kidole gumba kimezuia beringi ya nje isidondoke. Spindo, lile bomba fupi ambalo habu huzunguka juu yake, ina bolti nane. Ukizitoa igonge kwa nyundo laini, na sinia iwe tayari chini, kwa sababu ule uji wote unasubiri hapo.

Shafti haitoki kwa kuvutwa tu. Kengele ya Birfield ina pande zilizonyooshwa. Zungusha mpaka upande mmojawapo uangalie juu, ndipo inapopita kwenye tufe. Itoe taratibu ukiwa umeibeba kwa mikono miwili. Kushoto na kulia hazilingani urefu, ziandike.

Toa ncha za tairodi: legeza nati na uigonge pembeni ile tundu ya mkono inayoshika ncha, usipige meno ya ncha kutoka chini. Nyuma ya kifundo fungua bolti ndogo za pete inayobana felti. Halafu ndio vifuniko vya kingpini, kimoja juu na kimoja chini, navyo vina washa za koni kama zile za habu.

Hapa simama.

Chini ya kila kifuniko kuna shimu, vibati vyembamba kama karatasi. Hivyo ndivyo vinavyoamua mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi beringi zilivyobanwa, na kama kifundo kiko katikati ya tufe au kimeinuka. Shafti ikipita pembeni ya katikati, inaikandamiza sili ya ndani upande mmoja, na sili hiyo itakufa mapema hata uinunue ya bei gani. Kila pakiti ya vibati inabidi irudi mahali ilipotoka. Mimi nilijua hilo. Mpwa wangu, aliyekuwa akinisaidia, hakulijua, na sikumwambia.

Nilikuwa nimeinama kwenye tufe la kulia nikichokonoa sili. Nikasikia sauti ya mtu aliyejipongeza.

“Mjomba, nimekuoshea vile vibati vyote. Vinang'aa. Nimevipanga kwa unene.”

Nikageuka. Kwenye gazeti, vibati vya vifuniko vyote vinne vimepangwa safu moja, kuanzia kinene hadi chembamba, kama askari wa gwaride.

“Ulivitoa kwenye vile vikopo vinne?”

“Ndiyo. Vikopo vilikuwa vichafu mno.”

Kosa lilikuwa langu, nikampa asante yake. Tangu siku hiyo kila pakiti naifunga kwa waya palepale inapotoka, na kijikaratasi: kushoto juu, kushoto chini. Kama na wewe yatakukuta, kitabu cha gari kina kifaa maalumu cha kupimia. Sisi tulifanya hivi: tuliweka unene sawa juu na chini, tukafunga vifuniko, tukapima mkazo, kisha tukapima mwanya kati ya ukingo wa kifundo na tufe, juu na chini. Mwanya wa juu ukizidi, unahamisha kibati kimoja kutoka kifuniko kimoja kwenda kingine cha kifundo hichohicho, unapima tena. Jumla ya unene haibadiliki, kwa hiyo mkazo unabaki. Kinachosogea ni kifundo tu. Ilituchukua alasiri nzima, na mpwa wangu sasa anakijua kifundo kuliko mimi.

Baada ya kufungua, usikimbilie mafuta ya taa. Tazama kwanza. Beringi za kingpini za kulia zilikuwa na mistari kwenye kombe zake, zile pete za nje ambamo roli hukimbia, kila roli imejichimbia kijifereji. Hiyo hutokea kwa sababu beringi hizi hazizunguki kamwe, zinapiga nusu hatua kushoto na kulia maisha yao yote, palepale. Usukani ulikuwa ukinasa kidogo katikati, na nilidhani ni sanduku la usukani. Za kushoto zilikuwa na kutu nyekundu chini na hazina chochote juu: maji yaliingia kupitia felti yakatuama. Kwenye shafti, pale mdomo wa sili unapopita, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, kuna mfereji, na sili mpya haitaziba. Ama ubadilishe shafti, ama uiingize sili tofauti kidogo ya kina ili mdomo ukae mahali pazima, mradi imekaa wima na haijatoka nje ya kiti chake. Futa baada ya kuona yote haya, si kabla.

Birfield ikague baada ya kuitenganisha na shafti. Bana shafti kwenye jiliwa, igonge pete ya ndani ya jointi kwa fimbo ya shaba. Kuna kipete ndani kinachoachia ghafla, kwa hiyo mtu awe tayari kuidaka. Inamisha kizimba kinachoshika gololi, zinatoka moja moja. Tafuta mashimo kwenye njia za gololi na ufa kwenye kengele. Njia zikiwa zimelika kidogo tu upande mmoja, kuna ujanja wa zamani: hamisha Birfield ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto. Gari huenda mbele zaidi kuliko nyuma, basi ulaji uko upande mmoja wa njia. Ukizibadilisha, upande mzima ndio unaobeba mzigo. Zenye ufa hazina ujanja. Na ukinunua nyingine hesabu meno kwanza, kwa sababu za miaka ya mwanzo zina meno machache makubwa na za baadaye zina mengi madogo.

Kombe za kingpini zitoe kwa kuzigonga kutoka ndani ya tufe, ukizunguka nyundo pande zote. Kombe mpya zilale kwenye friza usiku mmoja. Zinaingia bila ugomvi. Tufe lisugue kwa msasa laini mpaka kiganja kisikwame popote. Sili ya ndani iingize kwa kipande bapa, sawasawa, mdomo wake umepakwa grisi.

Sasa kurudisha, na kitu cha kwanza ndicho kinachosahaulika. Felti, mpira na ringi ya chuma ni vya duara kamili. Lazima uvivishe kwenye tufe kabla ya kifundo, kwa mpangilio huo: felti kwanza, kisha mpira, kisha ringi, ili ringi ndiyo iangaliane na kifundo. Ukifunga kifundo halafu ukaviona vimelala kwenye benchi, hakuna njia ya mkato, unafungua vyote.

Jaza grisi kwenye beringi, weka kifundo, rudisha vibati na vifuniko, kaza. Kabla ya kufunga pete ya felti na kabla ya kurudisha tairodi, piga ndoano ya mizani kwenye tundu la ncha ya tairodi na uvute kwa pembe mraba. Soma kilo pale kifundo kinapoanza kutembea na kuendelea. Changu kilisoma kilo 2 na kitu. Kila mwaka wa gari una kipimo chake kitabuni, nenda na chako. Kikiwa chepesi, punguza kibati. Kikiwa kizito, ongeza. Ikibidi kupunguza vingi, gawanya juu na chini.

Birfield ijaze grisi nyeusi mpaka itokeze upande wa pili wa gololi. Kifundo chenyewe jaza robo tatu hivi.

Shafti sasa. Ile sili iliyonifungulisha ekseli mara ya pili niliichana hapa, katika sekunde tatu. Nilisukuma shafti kwa mkono mmoja, ikalala, meno yake yakapita juu ya mdomo wa sili kama msumeno. Sikuhisi kitu. Wiki mbili baadaye kifundo kikaanza kutoa uji. Basi: mkono mmoja nje kwenye Birfield, mwingine ndani ya tufe ukiibeba shafti isiguse chini, isogee kidogo kidogo, na ukifika kwenye difu zungusha taratibu mpaka meno yaingiane. Haijakubali? Irudishe nyuma, uanze tena. Usiisukume kwa bega.

Paka grisi bushi ya ndani ya spindo, weka gaskiti, funga spindo. Habu irudi na beringi zilizojazwa grisi kwa kiganja, ukikandamiza mpaka grisi itokee juu kati ya roli. Kaza nati ya ndani mpaka karibu Nm 60, zungusha habu pande zote mbili mara kadhaa ili beringi zikae, legeza, kisha kaza kidogo kidogo ukipima kwa mizani kwenye stadi ya gurudumu: kati ya kilo 2.8 na 5.6 ili habu ianze kuzunguka. Weka washa ya kufungia, nati ya nje, kaza, pima tena kwa sababu nati ya nje hubadilisha kipimo. Kunja mdomo mmoja wa washa ndani na mmoja nje, kila nati ipate wake.

Ile pete ya ncha ya shafti inagoma kwa sababu shafti imezama. Ndani ya ncha kuna meno ya bolti ya milimita 8. Ingiza bolti, vuta shafti nje, pete inaingia yenyewe. Rudisha kalipa, toa hewa kwenye breki kama ulifungua bomba, jaza oili ya difu, na kipumulio kiwe kinapumua.

Endesha kilomita kumi hivi, simama, gusa habu zote mbili. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, umebana beringi, rudi ulegeze. Baada ya wiki kadhaa kaza tena nati za vifuniko, kisha utazame tufe kwa nyuma. Utando mwembamba wa grisi, kama mtu amepitisha kidole chenye mafuta, ndio unaotakiwa. Felti inafanya kazi yake. Tone likining'inia chini, fungua plagi ya mraba, ingiza waya, uone limetoka jirani yupi.